Dj na harusi ya shamba la mizabibu: namna ya kuwahamisha watu bila kuizima sherehe

Swali huwa ni lile lile, na kwa kawaida linakuja siku nne kabla ya sherehe: "Kaka, nimepata harusi kwenye kiwanda cha mvinyo, nipige nyimbo gani?" Nyimbo utapewa na maharusi, na zilizobaki unazo tayari. Ambalo haulizi mtu ni hili: wageni watatokaje hapa waende pale?

Ukumbi wa kawaida ni chumba kimoja. Watu wakishaingia wameingia, kazi yako ni kupandisha na kushusha. Kwenye shamba la mizabibu ndoa inafungwa nje, mwisho wa mistari ya mizabibu. Vinywaji vya mwanzo vinanywewa barazani. Chakula kinaliwa kwenye ghala la mapipa, na mara nyingine uwanja wa kucheza uko mahali pa nne kabisa. Watu 120 wanahama mara tatu, nusu yao na viatu virefu kwenye kokoto, wote na glasi mkononi. Kila wanapohama, sherehe inaweza kufia njiani. Mwongozo huu ni wa hizo safari. Mambo ya kuchanganya nyimbo nimeyaacha, hayo unayajua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujakubali kazi

- Seti mbili za sauti zinazojitegemea. Ya kwanza ni kubwa: spika mbili na sabufa (spika ya besi) kwa ajili ya ndani. Ya pili ni spika ndogo za betri: mbili kwa ajili ya kufunga ndoa na moja ya barazani. Ukiwa na seti moja tu, utakuwa unabeba spika huku wageni wanakutazama.
- Maiki mbili za mkono zisizo na waya, na moja ya kubana kwenye kola. Hiyo ya kola iwe na kofia ya manyoya ya kuzuia upepo. Ile sponji nyeusi inayokuja nayo kwenye boksi haitoshi mahali pa wazi.
- Betri mpya, mara mbili ya unazodhani utahitaji.
- Ekstensheni nzito za mita 25 au zaidi, gundi pana ya kitambaa ya kubandika waya chini, na turubai dogo au mwavuli mkubwa wa mitambo.
- Nyimbo zote ndani ya laptopu na nakala kwenye flashi. Mashamba mengi yako mabondeni na mtandao ni wa kusuasua. Usitegemee kupakua wimbo ukiwa hapo.
- Kanda ya kupimia, au miguu yako na uvumilivu wa kuhesabu hatua.
- Namba za simu za watu wanne: mratibu, mkuu wa jikoni, mkuu wa kaunta ya vinywaji na mpiga picha. Hao wanne ndio bendi yako.

Hatua ya 1: Nenda ukalione eneo, saa ile ile ya harusi

Ukienda asubuhi kwa harusi ya jioni umeona shamba lingine. Jua litakuwa upande mwingine na upepo unaweza kuwa mwingine. Nenda jioni. Simama pale utakapoweka mitambo uangalie kama jua linapiga kwenye skrini. Laptopu iliyoachwa juani dakika arobaini inachemka, inapunguza kasi, halafu inazima, na itachagua kuzima wakati wa viapo.

Tembea njia zote kwa mguu: kutoka maegesho hadi penye viti, kutoka penye viti hadi barazani, kutoka barazani hadi ghalani. Andika mita. Andika penye mteremko, penye kokoto na penye ngazi.

Kisha uliza mambo haya na uandike majibu:

Mwisho wa muziki wa nje ni saa ngapi, na wa ndani je? Majirani wa mashamba wanalala mapema, na sauti husafiri mbali bondeni usiku. Pia uliza kama ghala lina kidhibiti sauti. Ni kile kiboksi ukutani chenye taa ya kijani, ya njano na nyekundu. Muziki ukikaa kwenye nyekundu kwa sekunde kadhaa, kinakata umeme wa soketi zako. Ukikikuta, umejua kikomo cha sauti yako kabla ya siku.

Soketi ziko wapi, na nani mwingine anazitumia? Saketi ya ampea 16 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati kama 3,680 tu. Mtungi mkubwa wa kuchemshia chai unaweza kula zaidi ya nusu ya hizo. Mkishirikiana na jikoni, swichi itajikata siku hiyo hiyo. Omba saketi yako peke yako, na uoneshwe sanduku la swichi lilipo.

Kuna kazi gani shambani siku hiyo? Swali hili wengi hawalijui. Zabibu zinapokaribia kuiva, mashamba mengine hutumia mizinga ya gesi ya kufukuza ndege, inayolipuka yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Wakati wa mavuno, matrekta na mashine za kukamulia zinafanya kazi hadi usiku, kwa sababu zabibu hazisubiri harusi ya mtu. Usiku wa baridi kali, vichipukizi vikiwa vichanga, kuna yale mafeni makubwa ya kuzuia barafu, na kelele zake ni za helikopta. Mimi nilijifunza habari ya mizinga kwa njia mbaya: bwana harusi alifungua mdomo kuanza kiapo, ukalia mlio kama wa bunduki, na shangazi mmoja wa mstari wa mbele akalala chini kabisa. Swali moja wiki moja kabla lingetosha kuuzima mzinga kwa saa moja.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa kuanzia jua linapozama

Anza na saa ya jua kuzama tarehe hiyo, halafu urudi nyuma. Mpiga picha atawachukua maharusi kwa dakika 20 hivi kabla jua halijazama, kwa sababu mwanga ule wa dhahabu juu ya mizabibu ndio sababu ya wao kulipia mahali hapa. Ratiba yoyote inayojifanya hilo halitatokea itavunjika.

Tuseme jua linazama saa 12:40 jioni. Ratiba yangu ingekuwa hivi:

- 9:30 alasiri: wageni wanafika, muziki mwepesi penye viti
- 10:00: ndoa
- 10:30: wanatoka, wanakwenda barazani
- 12:00 jioni: wageni wanaitwa ghalani
- 12:15: maharusi wako mizabibuni na mpiga picha, wageni wanakaa
- 12:45: maharusi wanaingia
- 1:00 usiku: chakula na hotuba
- 2:45: dansi ya kwanza
- 5:00: wimbo wa mwisho

Kwenye nakala yako, ongeza safu mbili: sauti iko wapi, na nani anaipa ishara inayofuata. Ratiba inayosema "12:00 chakula" haikusaidii. Inayosema "12:00, sauti inahama kutoka baraza kwenda ghala, ishara kutoka kwa mkuu wa jikoni" inakusaidia.

Kosa la kawaida ni kuwapa watu nusu saa ya vinywaji kwa kudhani inatosha. Kwenye kiwanda cha mvinyo kuna kuonja, kuna anayetaka kuoneshwa mapipa, kuna picha za ukoo mzima. Chini ya saa moja, utakuwa unawakimbiza.

Hatua ya 3: Funga mitambo yote kabla mgeni wa kwanza hajaegesha gari

Seti ya ndani ifungwe, ijaribiwe na iachwe ikiwa tayari kabisa, wimbo wa kuingilia umeshawekwa. Usijiambie utamalizia wakati watu wanakunywa barazani. Wakati huo utakuwa unatafuta maiki ambayo mjomba ameondoka nayo.

Ghala la mapipa ni zuri kwa macho na baya kwa masikio. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, matangi ya chuma: kila kitu kinarudisha sauti. Usiweke sabufa pembeni kwenye kona, kona inaongeza besi na ghala lote litaunguruma. Elekeza spika kwenye uwanja wa kucheza, si ukutani, ziinue juu ya vichwa, kisha kwenye mikseri punguza kidogo sauti nzito za eneo la hezi 250, ndizo zinazojazana na kuufanya muziki usisikike wazi. Na kumbuka ghala tupu linadanganya. Watu 120 wenye nguo nzuri ni godoro kubwa sana la kunyonya sauti, kwa hiyo mlio wa saa 8 mchana utapungua wakishakaa.

Nje ni kinyume chake. Hakuna ukuta wa kukusaidia. Kila umbali unapokuwa maradufu, sauti ya spika moja inapungua kama desibeli 6. Ndiyo maana mstari wa mbele wanaziba masikio huku wa nyuma wanauliza, "Amesemaje?" Tumia spika mbili ndogo, moja mbele na moja katikati pembeni, kuliko moja kubwa inayopiga kelele.

Waya zote zinazokatiza njia zibandikwe chini au zipitishwe nyuma ya mistari ya mizabibu. Lakini usizifunge kwenye mizabibu yenyewe. Mwenye shamba atakuona.

Hatua ya 4: Ndoa

Maiki ya kola mbane bwana harusi, si bibi harusi. Gauni lina vitambaa vinavyochakarisha, na hakuna mahali pa kuficha kisambazaji, kile kiboksi cha maiki kinachorusha mawimbi. Ikikaa kwa bwana harusi, inashika viapo vyote viwili kwa sababu wamesimama uso kwa uso. Mfungishaji ndoa mpe ya mkono, kwenye stendi. Kipokezi cha maiki, kinachoyanasa mawimbi hayo, kisiwe nyuma ya umati wala nyuma ya mistari ya mizabibu iliyojaa majani. Miili ya watu inakula mawimbi ya redio, na zile nyaya za chuma zinazoshikilia mizabibu hazisaidii pia.

Sasa wimbo wa bibi harusi. Hapa nakaa kidogo, maana wanaoanza wanabonyeza tu "cheza".

Pima mita kutoka mahali wageni wanapoanza kumwona hadi penye tao wanapofungia ndoa. Si kutoka anapoanza kutembea, ni kutoka anapoonekana. Tuseme ni mita 30. Kwenye nyasi, na gauni refu na baba aliyemshika mkono, mwendo ni kama nusu mita kwa sekunde. Kwa hiyo una sekunde 60. Sasa sikiliza wimbo waliouchagua. Tuseme una utangulizi wa ala kwa sekunde 40, na kiitikio kinaingia sekunde ya 70. Ukiuanzisha mwanzoni pale anapotokeza, atafika kwenye tao kabla kiitikio hakijaanza, utalazimika kuukata, na sehemu waliyoipenda hakuna atakayeisikia. Weka alama sekunde ya 40, uanzie hapo. Kiitikio kitaingia sekunde 30 baadaye, akiwa katikati kabisa ya njia, watu wote wamegeuka. Weka na alama ya pili mahali salama pa kurudia, asije akasimama kumkumbatia bibi yake.

Akifika, usikate. Shusha polepole kwa sekunde tano au sita, umwangalie mfungishaji ndoa. Akivuta pumzi ya kuanza kusema, uwe umeshafika sifuri.

Hatua ya 5: Safari ya kwanza, na namna ya safari zote

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike. Harusi yangu ya kwanza ya shambani, ndoa ilipoisha nilizima muziki, nikashika maiki, nikatangaza kwa adabu zote: "Wageni waalikwa, naomba tuelekee barazani kwa vinywaji." Walinisikia vizuri. Walitabasamu. Hakuna aliyeinua mguu. Kimya kilitanda, watu wakaanza kupiga soga vikundi vikundi, wengine wakarudi kukaa, na tulipoteza dakika 25 ambazo jikoni walikuja kuzidai baadaye kwa chakula kilichopoa.

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba watu huifuata sauti, na tangazo kwao ni la kusikiliza tu. Fanya hivi:

Maharusi wanapotoka, piga wimbo wao wa furaha kwa sauti ya kutosha. Wimbo ukifika nusu, washa spika ya barazani, lakini na wimbo mwingine, mwepesi wenye mdundo. Usipige wimbo mmoja sehemu zote mbili. Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo spika mbili zilizoachana mita 60 zinapishana kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde, na anayesimama karibu na moja atasikia mwangwi wa kuudhi. Wimbo wa penye viti ukiisha, usiweke mwingine wa nguvu. Weka ala tupu isiyo na ngoma, sauti chini, na uishushe zaidi na zaidi huku ya barazani ikipanda. Ndani ya dakika mbili, aliye penye viti anajiona yuko nje ya sherehe. Miguu inaanza kwenda yenyewe.

Cha pili ni mvinyo. Kubaliana mapema na mkuu wa kaunta: wahudumu wawili wenye sinia wasimame njiani, theluthi ya umbali, si barazani. Mgeni akipewa glasi huku amesimama njiani, anaendelea kwenda mbele, harudi nyuma. Sauti na glasi vikiwa upande mmoja, maiki utaihitaji tu kwa wale wazee watatu walioketi. Hao mtume kijana akawashike mkono.

Kutoka barazani kwenda ghalani kanuni ni ile ile, ila sasa mvinyo ndio unaowazuia. Mwombe mkuu wa kaunta aache kumimina dakika kumi kabla. Asitangaze, apunguze tu. Milango ya ghala ifunguliwe yote, taa ziwashwe, muziki wa ndani uanze kusikika. Wa barazani ushuke. Hapo tangazo moja fupi linafaa, likitoka ndani: "Viti vyenu viko tayari." Basi.

Hatua ya 6: Muziki wa barazani

Nyimbo za mapigo 90 hadi 110 kwa dakika, sauti ambayo watu wawili wanaongea bila kuinamiana. Ukiona watu wanasogea mbali na spika, umezidisha. Epuka nyimbo zitakazokuja kuhitajika usiku. Kuna Dj anapiga vigongo vyake vyote saa 11 jioni kwa sababu mtu mmoja alimwomba, halafu saa 3 usiku hana kitu.

Barazani ndipo unapofanya upelelezi. Piga wimbo wa miaka 20 iliyopita, uangalie nani anayeimba mdomoni. Piga wa miaka 40 iliyopita, uangalie meza ya wazazi. Andika.

Hatua ya 7: Chakula na hotuba

Hapa utawala si wako, ni wa mkuu wa jikoni. Nenda kamwone kabla, mkubaliane hotuba ziingie wapi. Mimi napenda moja baada ya chakula cha kwanza na mbili baada ya chakula kikuu. Hotuba nne mfululizo kabla ya kula ni adhabu, hasa kwa watu waliokunywa saa moja na nusu bila kitu tumboni.

Usimwite msemaji kabla glasi hazijajazwa. Kwenye kiwanda cha mvinyo kujaza glasi kuna taratibu: chupa inafunguliwa, inaoneshwa, inamiminwa meza kwa meza. Meza 12 zinaweza kuchukua dakika nane au kumi. Mpe mkuu wa wahudumu ishara kwanza, subiri akurudishie, ndipo umwite mtu. Vinginevyo baba wa bibi harusi atasema "tuinue glasi" na nusu ya ukumbi watainua glasi tupu.

Kila msemaji mweleze, kabla, aishike maiki karibu na kidevu na asisimame mbele ya spika. Mwambie hivyo hivyo hata kama anasema ameshazoea. Hasa anayesema ameshazoea.

Jambo moja dogo: ghala la mapipa ni la baridi, limejengwa liwe hivyo kwa ajili ya mvinyo. Chakula kikichelewa, watu wanapoa, wanajikunyata na mashali, na kuwainua baadaye ni kazi mara mbili. Ukiona mashali yanavaliwa, kamnong'oneze mratibu, msogeze dansi mbele.

Hatua ya 8: Kufungua dansi

Usiache pengo kati ya keki na dansi. Keki ikikatwa, wageni wote wamesimama tayari wakipiga picha, wameuzunguka uwanja. Wakirudi kukaa umewapoteza. Kwa hiyo keki ikatwe pembeni ya uwanja wa kucheza, na dansi ya kwanza ianze dakika hiyo hiyo.

Fupisha wimbo wa dansi ya kwanza uwe dakika mbili na nusu hadi tatu. Waulize maharusi kwanza, lakini karibu wote watakushukuru. Dakika tano za kuyumba huku na huku mbele ya kamera ni ndefu. Sekunde 30 za mwisho, waite wasimamizi na wapambe waingie, kisha wazazi. Wimbo wa pili uwe ule ulioona barazani wazazi wanauimba. Ukianza na wa vijana, wazee wanakaa. Ukianza na wa wazee, vijana wanaingia tu, kwa sababu mama zao wanawavuta.

Hatua ya 9: Mawimbi

Piga mafungu ya nyimbo tatu au nne za aina moja, kisha badilisha. Usikae kwenye mapigo 125 kwa saa nzima. Watu wamekula, wamekunywa mvinyo, na mvinyo unawalegeza zaidi ya unavyowachangamsha. Baada ya kila mafungu matatu, weka wimbo mmoja wa taratibu, wapumue na wengine wabadilishane.

Angalia mlango. Kwenye shamba, nje kuna nyota na ukimya, na watu watatoka kupunga hewa. Wakitoka wanane usiwe na wasiwasi. Wakitoka thelathini, hapo umechosha masikio. Shusha sauti kidogo, hasa zile kali za juu, na ubadilishe aina ya muziki. Wengi wanaoanza hufanya kinyume, wanaongeza sauti ili kuwarudisha, na wale waliobaki nao wanatoka.

Hatua ya 10: Kumaliza

Ulizia basi la wageni linaondoka saa ngapi. Mashamba yako mbali na magari hayapatikani kirahisi usiku, kwa hiyo basi likiondoka saa 4:45, sherehe yako imeisha saa 4:45, ratiba iseme itakavyo. Wimbo wa mwisho uusogeze ili wanaopanda basi waucheze. Kama muziki wa sauti unapaswa kuisha mapema na maharusi wanataka kuendelea, wapendekezee hedifoni za kukodi, kila mtu na zake. Ukizitazama kwa nje ni kichekesho, lakini majirani wanalala.

Mambo yakiharibika

*Maiki inapiga mluzi.* Msemaji amesimama mbele ya spika au ameziba kichwa cha maiki kwa kiganja. Shusha sauti ya maiki, msogeze nyuma ya mstari wa spika. Usikimbilie kuzima kila kitu.

*Maiki ya kola inakatakata.* Sogeza kipokezi kiwe kinamwona mvaaji, kiinue juu ya vichwa vya watu. Ikiendelea, mpelekee mfungishaji ya mkono na umnong'oneze aisogeze kwa wanaoapa. Aibu ya sekunde tatu ni nafuu kuliko kiapo kisichosikika.

*Umeme umekatika ghalani.* Ile spika ya betri uliyotumia nje ndiyo inayokuokoa. Ndiyo maana ikimaliza kazi barazani unairudisha kwenye chaji, huiweki kwenye buti la gari. Washa wimbo kwanza, kisha nenda kwenye sanduku la swichi. Kabla hujairudisha swichi, uliza jikoni wamechomeka nini.

*Taa nyekundu ya kidhibiti sauti haizimi.* Mara nyingi ni besi, au ni makofi na vigelegele vya watu wenyewe. Punguza sabufa kwanza, sauti kuu baadaye.

*Mvua dakika kumi kabla ya ndoa.* Ndoa inahamia ghalani, na seti ya ndani iko tayari tangu mchana. Wimbo wa bibi harusi ndio wenye tatizo: njia ya ghalani ni mita 12, si 30. Kwa mwendo ule ule una sekunde 24, kwa hiyo alama ihamie sekunde ya 58, na kiitikio kitamkuta katikati ya njia kama ulivyopanga. Iweke alama hiyo usiku wa kabla, hata kama anga ni jeupe.

*Maharusi hawajarudi kutoka kupigwa picha na wageni wameshakaa.* Usiwatangaze kila dakika kwamba "wanakaribia". Pandisha muziki kidogo, waruhusu wahudumu wagawe mikate, na mtumie mpiga picha ujumbe mmoja tu wenye saa. Wakionekana mlangoni na majani ya mizabibu kwenye pindo la gauni, wape nusu dakika wajifute vumbi, ndipo ubonyeze.